Filamu Moja, Sauti Nne: Kisa cha The Big Boss Kurudi kwenye Diski

Julai 2023 ilitimia miaka 50 tangu Bruce Lee afariki Hong Kong. Mwezi huohuo kampuni ya Arrow ya Uingereza ikatoa sanduku la diski za 4K, zenye picha kali kuliko Blu-ray na DVD, likiwa na picha alizoichezea studio ya Golden Harvest. Wapenzi wengi wa picha za kung'fuu walilikimbilia sanduku lile kwa sababu ya picha moja, na wala si ile iliyo nzuri kuliko zote. Waliifuata The Big Boss ya mwaka 1971. Humo iliwekwa mara mbili: lile toleo ambalo dunia imelizoea, na toleo refu zaidi la Kimandarini, yaani Kichina rasmi, lenye vipande ambavyo watu walikuwa wakihadithiana kwa miongo bila kuviona.

Kisa hiki kinanivutia kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo matangazo ya diski hayalisemi. Neno "imerejeshwa upya" linadai kwamba kuna kitu kimoja cha mwanzo, kilichafuka, sasa kimesafishwa. Kwa The Big Boss kitu kimoja cha namna hiyo hakipo. Kuna picha iliyokatwa na wakaguzi, iliyowekewa muziki wa watu tofauti, iliyobadilishiwa jina Marekani, na iliyosemeshwa kwa lugha kadhaa bila hata moja kuwa na sauti ya stelingi mwenyewe. Anayekuuzia marejesho yake lazima aulizwe: umerejesha ipi?

Tuanze na hadithi, kwa ajili ya wale walioiona zamani kwenye kibanda umiza huku wakisubiri ngumi tu. Cheng Chao-an, anayechezwa na Bruce Lee, anafika Thailand kuishi na binamu zake wanaofanya kazi kwenye kiwanda cha barafu. Shingoni amevaa kidani alichopewa na mama yake, na ameapa hatapigana tena. Binamu wawili wanagundua kwamba ndani ya mabonge ya barafu kumefichwa dawa za kulevya. Wanakataa kuhongwa, wanauawa. Ndugu mwingine anayekwenda nyumbani kwa bosi kuuliza naye harudi. Muda wote huo Cheng anatazama mikono yake ikiwa mifukoni. Karibu nusu ya picha inapita kabla kidani hakijakatwa katika vurugu za wafanyakazi na yeye kuvunja kiapo. Kinachofuata ni mauaji juu ya mauaji: viungo vya watu vikionekana ndani ya barafu, karibu familia nzima ikichinjwa usiku, na mwishoni bosi akitobolewa mbavu kwa vidole.

Ni picha katili, ndiyo. Lakini ukatili wake una mpango. Mtazamaji anazuiwa pamoja na Cheng. Anaudhika, anataka kupiga kelele kwa nini huyu bwana hapigani. Ndiyo maana ukumbi wa Hong Kong ulilipuka ngumi ya kwanza ilipotua. Picha iliyogharimu takriban dola 100,000 za Marekani iliingiza zaidi ya dola milioni 3 za Hong Kong katika jiji lile peke yake, ikavunja rekodi ya mauzo iliyokuwa ikishikiliwa na The Sound of Music. Bruce Lee alikuwa amesaini kulipwa dola 15,000 za Marekani kwa picha mbili. Golden Harvest yenyewe ilikuwa na umri wa mwaka mmoja hivi, mwanzilishi wake Raymond Chow akiwa ametoka studio kubwa ya Shaw Brothers kwenda kujitegemea, na bila fedha hizo huenda leo tusingekuwa na studio ya kuizungumzia.

Mazingira ya kupiga picha yalikuwa ya kubangaiza. Walipiga Pak Chong, mji mdogo wa Thailand, kiangazi cha 1971. Mwongozaji wa kwanza, Wu Chia-hsiang, aliondolewa mapema na Lo Wei akaletwa kuchukua nafasi yake. Stelingi akateguka kifundo cha mguu, ikabidi baadhi ya mapigano yapigwe kwa karibu ili mguu usionekane. Han Ying-chieh, aliyecheza bosi mkubwa, ndiye pia aliyepanga mapigano, na ukitazama kwa makini utaona mitindo miwili ikigombana ndani ya picha moja: ule wa zamani wa kuruka juu ya trampolini, na ule wa Bruce Lee, teke tatu fupi, kimya, mtu yuko chini. Kuna hata mahali ambapo mtu anapigwa akapita ukuta wa mbao na kuacha tundu lenye umbo la mwili wake, kama katuni. Hicho nacho ni sehemu ya picha. Mrejeshaji hana ruhusa ya kukionea aibu.

Sasa kwenye mikasi.

Wakati ule Hong Kong haikuwa na madaraja ya kisheria ya kutenga watoto na watu wazima. Mfumo wa madaraja, likiwamo Daraja la III la watu wazima pekee, ulikuja mwaka 1988. Kabla ya hapo mkaguzi aliyeona picha imevuka mpaka hakuwa na namna ya kusema "waioneni wakubwa tu". Alikuwa na njia mbili: kukata au kukataa. Kwa hiyo picha iliyojengwa juu ya visu, mashoka na misumeno ya barafu ilikuwa lazima ipoteze nyama.

Kipande maarufu kuliko vyote ni cha msumeno. Usiku kiwandani, Cheng anazungukwa na genge, anashika msumeno wa kukatia barafu na kuuzamisha kichwani kwa mtu. Kwenye toleo lililozoeleka unaona msumeno ukiinuka, halafu picha inaruka. Pengo lile linaonekana waziwazi, na picha tuli za tukio lenyewe zimekuwa zikizunguka magazetini na vitabuni miaka yote, hivyo kila mpenzi wa Bruce Lee alijua kuna kitu kimeondolewa. Kitu kilichokatwa kikiwa na picha tuli kinakuwa hadithi kubwa kuliko ambavyo kingekuwa kikionekana. Naamini kama sekunde zile zingebaki mwaka 1971, leo hakuna ambaye angezitaja.

Kwangu mimi, thamani ya vipande vilivyokatwa haiko kwenye msumeno. Iko danguroni.

Baada ya Cheng kupandishwa cheo kuwa msimamizi, meneja anamwalika chakula, anamlewesha, anamlaza kwa kahaba. Asubuhi Cheng anatoka pale akiona aibu, na binamu zake wanamwona msaliti. Hilo lipo kwenye matoleo yote. Ila katika picha ilivyokusudiwa, anarudi danguroni mara ya pili, na safari hii halewi wala halaghaiwi. Karibu familia yake yote imekwisha chinjwa, amekaa mtoni akalia, ameamua kwenda kwa bosi akijua hatarudi kuwa mtu huru. Anaingia, anamchagua msichana mwingine, analala naye, na anapoondoka anachukua pakiti ya kaukau za kamba iliyokuwa mle chumbani.

Pakiti hiyo! Kwenye toleo lililozoeleka, Cheng anafika kwenye jumba la bosi akitafuna kaukau. Vizazi vya watazamaji vimecheka au kushangaa: huyu mtu ametoka kuzika ndugu zake, kaukau kazipata wapi? Wapo walioona ni majivuno ya Bruce Lee, wapo walioona ni ucheshi wa Kichina. Kumbe ni mwendelezo tu wa tukio ambalo mkasi umelipitia. Ukijua zilikotoka, kutafuna kule kunabadilika. Huyu ni mtu aliyekwisha jihesabu kuwa mfu, kajipa usiku mmoja wa mwisho, na sasa anakula alichobakiza huku akielekea kuua. Na ile hali ya Bruce Lee pale, ya kutokuwa na haraka, ambayo ilionekana kama swaga, inapata uzito.

Kwa hiyo toleo refu lililotoka 2023 linagusa mhimili wa mhusika, na mtu aliyelinunua kwa ajili ya damu tu anaweza asijue alichopata. Stelingi wa Kichina wa enzi ile alitakiwa kuwa safi. Picha hii, ilivyopigwa, ilimchafua makusudi: kijana wa shamba anayependa sifa, anayelewa, anayenunuliwa kwa cheo, na ambaye hata kisasi chake anakianzia kitandani mwa danguro. Mkasi wa 1971 ulipunguza damu, lakini pia ulimsafisha mtu. Sisi tukalelewa na huyo aliyesafishwa.

Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo mnunuzi anafaa kulifahamu. Studio ikiamriwa kukata, mara nyingi ilikata kwenye negativu yenyewe, ile filamu iliyopita ndani ya kamera, na kilichokatwa kikatupwa. Negativu ndiyo inayotoa picha kali kuliko zote. Kinachosalimika ni nakala za kuonyeshea sinema zilizokuwa zimesafirishwa kabla amri haijafika kila mahali, au zilizokwenda nchi ambazo hazikujali. Nakala hizo zimepita kwenye projekta mara nyingi, zimechanika na kuunganishwa, na rangi zake zimechakaa: filamu za rangi za miaka ile hupoteza kwanza upande wa buluu na kijani, na kubaki na wekundu-waridi kote. Ndiyo sababu huwezi kutegemea toleo refu liwe na sura sawa na lile fupi. Lile fupi lina negativu nyuma yake. Lile refu linabeba makovu ya nakala ya kuonyeshea. Naona afadhali hivyo. Makovu yanakuambia kipande kimetoka wapi, na tofauti ya sura ndani ya toleo ni ushahidi wa historia yake.

Kuna warejeshaji wasiokubaliana nami. Wao wangependa kila kitu kifanane, wakapake rangi, wakaondoa chembe, wakanyoosha. Chembe za filamu ndizo picha yenyewe. Ukizifuta kwa programu, ngozi ya Bruce Lee inageuka nta na jasho lake linatoweka, na katika picha ya joto la Thailand jasho ni mchezaji kamili. Tazama pambano la mwisho uwanjani kwa bosi. Fulana imekwisha vuliwa, jua ni la mchana, kuna mikwaruzo ya kisu kifuani. Kwenye VHS ya zamani ile mikwaruzo ilikuwa michirizi ya rangi nyekundu isiyo na umbo. Kwenye skani nzuri ya 4K unaona kwamba ni rangi kweli, nzito kidogo, imepakwa na mtu wa vipodozi. Wengine wanasema hapo uchawi umevunjika. Mimi naona kinyume: damu ya picha hizi haikuwahi kuficha kwamba ni rangi, na watazamaji wa 1971 kwenye pazia kubwa waliiona hivyohivyo.

VHS ilitunyima zaidi ya rangi. Picha hii ni pana, uwiano wa 2.35 kwa 1. Televisheni za zamani zilikuwa 4 kwa 3. Kuijaza skrini walikata pande, na ukipiga hesabu unakuta zaidi ya asilimia 40 ya upana ilibaki nje. Katika picha ambayo mtu mmoja anazungukwa na kumi, nusu ya maadui walikuwa hawaonekani mpaka wanapoangukia katikati. Mapigano mengi tuliyoyaona ya vurugumechi yalikuwa yamepangwa vizuri. Tulikuwa tunayachungulia tu.

Rangi nayo ina ugomvi wake. Marejesho mengi ya picha za Hong Kong katika miaka ya karibuni yamelalamikiwa na watazamaji kwa kuwa na umanjano uliotanda kila mahali, mawingu yakawa kama chai ya maziwa na nyeupe ikakosekana. Hakuna mpigapicha wa 1971 aliyekaa kwenye chumba cha kusahihisha rangi kutoa kauli. Mrejeshaji anakisia, na mara nyingi kinachokisiwa kinafuata mtindo wa leo. The Big Boss ina kipimo kizuri cha kumkamata: barafu. Ikiwa mabonge ya barafu kiwandani yana umanjano, mtu kachezea rangi. Teknolojia ya HDR, inayopanua tofauti kati ya mwanga na giza kwenye skrini, inaongeza kishawishi kingine, maana inaweza kuifanya barafu na visu ving'ae kupita ambavyo taa ya projekta yoyote ya wakati ule ingeweza. Ikitumiwa kwa kiasi inapendeza. Ikizidishwa inakuwa tangazo la televisheni dukani.

Lakini mgogoro mkubwa uko masikioni, si machoni.

Watu wengi wanaiita hii picha ya Kikantoni, kwa kuwa Bruce Lee alikuwa Mkantoni na Hong Kong ni jiji la Kikantoni. Mwaka 1971 sinema ya Hong Kong ilikuwa imetekwa na Kimandarini. Studio kubwa zilitengeneza kwa Kimandarini ili ziuze Taiwan na kwa Wachina wa Asia ya Kusini-Mashariki, na picha za Kikantoni zilikuwa zimekaribia kufa kabisa, mpaka mwaka 1973 mwongozaji Chor Yuen alipotoa The House of 72 Tenants na watu wakajazana kusikia lugha yao ukumbini. Kwa hiyo The Big Boss ilitoka kwa Kimandarini. Bruce Lee hakukimudu Kimandarini. Aliyesikika ni mtu mwingine.

Na hata kama angekimudu isingekuwa na tofauti, kwa sababu picha zilipigwa bila kurekodi sauti. Kila mchezaji alisema lugha aliyoijua, kisha watu wa studio wakaingiza maneno, vishindo vya ngumi na muziki baadaye. Toleo la kwanza la Kimandarini lilipewa muziki wa Wang Fu-ling. Kiingereza kiliingizwa mara mbili: mara ya kwanza muziki huo wa Wang ukabaki, mara ya pili, kwa ajili ya soko la nje, waigizaji wa sauti wakabadilishwa na muziki mpya ukatungwa na Mjerumani Peter Thomas, wenye tarumbeta na gitaa, ambao ndio uliokaa vichwani mwa watu wengi wasio Wachina. Wajapani walipoipokea mwaka 1974 nao wakawa na mchanganyiko wao, ukiwamo muziki wa Joseph Koo. Kikantoni kilikuja mwisho kabisa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Bruce Lee akiwa kaburini karibu miaka kumi. Toleo hilo likachukua muziki wa Koo na kuuchanganya na vipande vya Pink Floyd na King Crimson, bendi za roki za Uingereza, kama ilivyokuwa desturi ya studio za Hong Kong wakati ule ya kuchota popote panapofaa. Unaweza kusikia "Time" ya Pink Floyd, wimbo wa mwaka 1973, ndani ya picha ya 1971.

Basi ukibonyeza Kikantoni kwenye diski ukidhani unapata kilicho asilia, unapata picha ya miaka ya themanini. Ni picha nzuri kwa namna yake! Gitaa la King Crimson linaingia vizuri kwenye hasira ya Cheng. Na kwa Wahongkong waliokua na marudio ya televisheni na video, hiyo ndiyo The Big Boss ya utotoni, na hakuna haki ya kuwaambia wamekosea. Ila isiuzwe kwa jina la asili.

Sisi huku tungefaa kulielewa jambo hili haraka kuliko wengine. Picha za kung'fuu zilitawala kumbi za Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa tangu miaka ya sabini, na video zilipoingia zikahamia vibandani, ambako mtu alishika kipaza sauti akaisimulia upya kwa Kiswahili juu ya sauti ya mkanda. Lufufu alifanya kazi hiyo Tanzania, DJ Afro akaifanya Kenya, na wapo wengine wengi mitaani. Bosi wa Kichina akapewa utani wa Kariakoo, mtu akitaka kufa akasemeshwa maneno ambayo mwandishi wa Hong Kong hakuyaota. Hakuna aliyedai kwamba yale ni maneno ya mwanzo. Tulijua kwamba picha ni moja na sauti ni ya msimulizi wa siku hiyo. Mnunuzi wa diski ya bei kubwa leo mara nyingi hana unyofu huo. Anataka ahakikishiwe kwamba alichonacho ndicho.

Kinachonifanya nilipe alama nzuri sanduku la 2023 ni kwamba halikulazimisha jibu. Sauti tofauti zimewekwa zikiwa na maelezo, toleo fupi halikufichwa ili refu lionekane la ajabu, na mono, yaani sauti ya njia moja, imeachwa iwe mono. Hili la mwisho ni kubwa. Enzi ya DVD, kampuni nyingi zilitengeneza sauti mpya ya spika sita kwa picha za namna hii, na kwa kuwa sauti za awali zilikuwa zimeshikana kwenye njia moja, hawakuweza kuzitenganisha. Walichofanya ni kurekodi vishindo vipya, mivumo mipya ya mikono, upepo mpya, na kuzika vile vya zamani. Ngumi ya Bruce Lee ya 1971 ina mlio mkavu, wa juu, unaoumiza kidogo sikio. Ile iliyopandikizwa ina besi nzito ya picha za kisasa za Marekani. Toleo la namna hiyo halikuwahi kuonyeshwa popote duniani, limezaliwa kwenye kompyuta, na bado limeuzwa likiwa limeandikwa "limerejeshwa". Kati ya kukata msumeno na kupandikiza besi, sijui kwa nini watu huona la kwanza tu kuwa ni uharibifu.

Seti ya kampuni ya Criterion ya Marekani, iliyotoka Julai 2020, nayo iliheshimu mono, kwa hiyo tusimpe Arrow sifa peke yake. Tofauti ni toleo refu, na tofauti nyingine ni 4K yenyewe. Ile ya 2020 ilikuwa Blu-ray.

Suala la jina ni dogo lakini limewapotezea watu fedha. Wasambazaji National General walipoileta Marekani mwaka 1973, picha hii ilitakiwa iitwe The Chinese Connection, kuvizia umaarufu wa The French Connection, kwa sababu zote mbili zinahusu dawa za kulevya. Majina yakabadilishana. The Big Boss ikatoka kama Fists of Fury, na Fist of Fury, ambayo haina dawa za kulevya hata chembe, ndiyo ikatoka kama The Chinese Connection. Kanda na DVD za zamani zilizopitia Marekani bado zina mkanganyiko huo. Ukikuta Fists yenye "s" mwishoni, uwezekano mkubwa mikononi una kiwanda cha barafu.

Kwa anayetaka kuagiza kutoka Uingereza akiwa Tanzania au Kenya, kuna habari njema na mbaya. Diski za 4K kwa kawaida hazifungwi kwa kanda za dunia, zinachezwa popote penye mashine ya 4K. Blu-ray zinafungwa, lakini Afrika imewekwa Kanda B pamoja na Ulaya, hivyo Blu-ray ya Uingereza inacheza kwenye mashine iliyotengenezwa kwa soko letu, na ile ya Marekani ya Kanda A inagoma. DVD ndiyo yenye kero: sisi tuko Kanda 5, Uingereza Kanda 2, na bila mashine iliyofunguliwa hupati kitu. Mashine nyingi zinazouzwa kwetu zimefunguliwa tayari, lakini muulize muuzaji aijaribu mbele yako.

Ukishaipata, anza na toleo fupi kwa Kimandarini, muziki wa Wang Fu-ling. Ndilo lililo karibu zaidi na kilichowainua watu vitini Oktoba 1971, mapengo na yote. Halafu tazama lile refu, na usiruke sehemu za danguro kutafuta mapigano. Kikantoni kiache siku nyingine, ukitaka kusikia jinsi Hong Kong ya miaka ya themanini ilivyomrudisha kijana wake kwenye lugha ya nyumbani. Kiingereza cha Peter Thomas nacho kina raha yake, hasa kwa aliyekulia nacho. Sauti ya spika sita, kama diski yako inayo, usiifungue.